Ngapi? Na juu ya nini?



Wewe unayeshuka chini ya udongo unajua desturi hii kuliko sisi tunaoandika. Kabla ya kutoboa, mmoja wenu anachukua mtaimbo mrefu na kugonga mwamba ulio juu ya vichwa, hatua kwa hatua, na wengine wananyamaza. Mwamba mzima unalia kama kengele. Mwamba uliopasuka ndani unalia kama ngoma. Mgeni anaona jiwe tu, lisilo na alama yoyote. Mzee wa kazi anasikia, anarudisha watu nyuma, na kipande kile kinaangushwa kabla hakijaanguka chenyewe.

Leo, katika ukurasa wetu wa usalama na afya, tunataka kueleza kazi inayofanana na hiyo, lakini inafanywa kwa watu. Mara nyingine kambini ao dispanserini anafika mtu mwenye daftari na mashine ndogo ya kunasa sauti. Hapimi damu wala mapafu. Anauliza: unafikiri nini juu ya dawa hii? Juu ya nini uliacha kuja? Bibi yako alisema nini? Wengine wanamcheka, wengine wanamwogopa wakisema: "Huyu ametumwa na shefu." Tutaona kazi yake ni nini, mahali iliposaidia, mahali iliposhindwa, na haki yako ni gani siku atakapobisha kwako.

MASWALI MAWILI

Tuseme, kwa mfano tu, katika kambi moja watu 40 wamepewa dawa za kifua kikuu. Ugonjwa huu unatuhusu sana, kwa sababu vumbi la jiwe likijaa katika mapafu linaufungulia mlango. Dawa za kawaida zinamezwa miezi 6. Baada ya miezi 3 munganga anafungua daftari: watu 12 wameacha. Hiyo ni hesabu, na hesabu ni ya lazima. Bila yake tusingejua hata kama kuna shida. Lakini 12 ni namba iliyonyamaza. Munganga asipouliza zaidi atajijibu mwenyewe: "Watu hawa ni wazembe." Atafanya mkutano, atawagombeza, na mwezi ujao wataacha 15.

Sasa mtu mwingine anakaa na wale 12, mmoja mmoja, nyumbani kwao, bila haraka. Wa kwanza anasema mkojo wake uligeuka mwekundu, akafikiri ni damu, akaamini dawa inamuua. (Ni kweli, moja ya dawa hizo, rifampisini, inageuza rangi ya mkojo, wala rangi hiyo haina hatari. Lakini hakuna aliyemwambia.) Wa pili yuko katika posti ya usiku: dispanseri inafunguliwa wakati amelala na kufungwa kabla hajaamka. Wa tatu anaogopa kwamba akijulikana ataondolewa chini na kupewa kazi ya juu yenye malipo madogo, basi hataki kuonekana katika mstari wa wagonjwa. Wa nne tangu apate nafuu anasikia njaa kali, na mwisho wa mwezi unga nyumbani ni kidogo. Ameona afadhali aache dawa kuliko kula sehemu ya watoto.

Hakuna mzembe kati ya hao wanne. Tena kila mmoja anahitaji kitu chake: huyu maelezo ya dakika mbili, yule saa nyingine ya kufungua dispanseri, mwingine ahadi ya kompani iliyoandikwa, mwingine chakula. Mkutano wa kugombeza haungemsaidia hata mmoja.

Kwa hiyo kuna swali la "Ngapi?" na kuna swali la "Juu ya nini?" La kwanza linajibiwa kwa kuhesabu watu wengi. La pili linajibiwa kwa kusikiliza watu wachache kwa muda mrefu, na wataalamu wa elimu ya jamii wanaliita utafiti wa maelezo. Vyombo vyake si vingi: mazungumzo ya watu wawili, mazungumzo ya kikundi kidogo, na kukaa mahali pa kazi ukitazama mambo yanavyofanyika kweli, si yanavyoandikwa katika karatasi ya amri. Haichukui watu kwa bahati nasibu. Inatafuta watu wa namna mbalimbali, aliyemaliza dawa na aliyeacha, kijana na mzee, mume na bibi, na inaendelea mpaka mazungumzo mapya hayaleti tena jambo jipya. Haiwezi kukuambia ni watu wangapi katika mji mzima wanaoogopa mkojo mwekundu. Kwa hilo utarudi kwenye hesabu.

WACHIMBAJI WA CARLETONVILLE

Tuache mfano wa kubuni, twende kwa wachimbaji wenzetu wa dhahabu huko Carletonville, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 1990 SIDA ilikuwa inaingia kwa nguvu katika migodi ile. Matangazo yalibandikwa, kondomu ziligawanywa, maelezo yalitolewa. Wachimbaji wengi walijua vizuri ugonjwa ni nini na unaambukizwa kwa njia gani. Mwenendo haukubadilika. Swali la "Ngapi?" lilikuwa limejibiwa, lakini halikueleza kitu.

Mtaalamu wa saikolojia, Catherine Campbell, alitoa mwaka 1997 maelezo ya mazungumzo marefu na wachimbaji 42. Wanaume wale hawakuulizwa juu ya ugonjwa tu. Walisimulia maisha yao: kwao ni wapi, kazi ikoje, wanaishi namna gani. Na jambo lililotokea mara kwa mara lilikuwa woga. Walisema juu ya mwamba unaoanguka, juu ya wenzao waliokufa ao kukatika viungo, juu ya siku ya kwanza ya kushuka. Ili mtu aweze kushuka tena kesho, alipaswa kujiambia: mimi ni mwanaume, na mwanaume harudi nyuma mbele ya hatari. Neno lilelile la "mwanaume" ndilo walilotumia kueleza kwamba mwanaume hawezi kukaa bila mwanamke. Ujasiri uliowasaidia kushuka ndio uliowafanya wasiogope wakati wa kupanda kitanda.

Halafu waliishi katika mabweni ya wanaume peke yao, wengi katika chumba kimoja, bibi na watoto wakiwa mbali sana. Kwa mtu kama huyo, kulala karibu na mwanamke bila kitu cha kuwatenga ilikuwa faraja kidogo iliyobaki. Na ugonjwa utakaoua baada ya miaka mingi, yeye ambaye jiwe linaweza kumponda kesho asubuhi atauogopa namna gani? Tangazo lililosema "Jihadhari, utakufa" lilikuwa linasema na watu ambao kazi yenyewe imewafundisha kutosikiliza neno hilo. Wakuu wa usalama wasome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu inahusu pia kaske, maski ya vumbi na mkanda wa kazi ya juu.

Wasomaji wa Katanga watasema: kwetu sivyo. Ni kweli kwa sehemu. Huku, tangu miaka ya 1920, Union Minière ilichagua njia ya kumkalisha mfanyakazi kambini pamoja na bibi na watoto, na mabweni kama yale hayakuwa desturi yetu. Kwa sababu hiyo hasa majibu ya Carletonville hayawezi kuletwa hapa kama gunia la simenti na kufunguliwa tu. Maswali yanaweza kuletwa. Majibu yatafutwe papa hapa.

Sasa, je, wale walioambiwa mambo hayo walifanya nini? Mpango mkubwa wa kupigana na SIDA ulianzishwa Carletonville mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990: kutibu magonjwa ya zinaa, kugawa kondomu, na kufundisha watu ili wafundishe wenzao. Ulikuwa mpango mzuri kwenye karatasi. Lakini mabweni yalibaki, bibi walibaki mbali, na nguvu nyingi za waganga zilikwenda kwenye dawa kuliko kwenye kazi ya wale waliofundisha wenzao. Matunda yaliyotarajiwa hayakuonekana. Campbell mwenyewe aliandika kitabu mwaka 2003 kueleza kushindwa huko, akakipa jina kali, "Letting Them Die", maana yake kuwaacha wafe. Kugonga mwamba, kusikia sauti ya ngoma, kisha kuendelea kutoboa chini yake: ajali ya namna hiyo hatuwezi kuiita bahati mbaya.

EBOLA HUKO BENI NA BUTEMBO

Turudi nyumbani. Ebola ni ugonjwa uliojulikana kwanza katika nchi yetu, huko Yambuku mwaka 1976, na jina lake ni la mto wa huko. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba umeingia Kivu ya Kaskazini. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeshika watu 3 470, na 2 287 walikuwa wamekufa.

Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika kila wanne alisema Ebola si kitu cha kweli. Tazama tena hesabu inavyofika mlangoni na kusimama pale. Ukibaki na hesabu hiyo peke yake utasema: watu wa huko ni wajinga, tuwaletee maredio na vipaza sauti.

Wale waliokaa na kusikiliza walipata mambo mengine. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa tangu mwaka 2014 bila msaada mkubwa kuja. Malaria ilikuwa inaua watoto wao kila mwaka. Ghafla, kwa ajili ya ugonjwa mmoja, magari mengi yalifika, na wageni, na fedha, na askari wa kulinda wageni. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi ulipofanyika katika nchi, Beni na Butembo waliambiwa wangojee, na Ebola ilitajwa kuwa sababu mojawapo. Mtu aliyesema "Ebola si ya kweli" mara nyingi alikuwa anasema: mimi siwaamini ninyi. Kipaza sauti hakitibu jambo hilo. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Kulikuwa na watu waliofanya kazi ya kusikiliza kila siku. Kikundi cha uchunguzi wa elimu ya jamii, kilichosaidiwa na UNICEF, kilifanya kazi pamoja na Wizara ya Afya. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika maneno ya watu kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha. Neno moja lilirudi tena na tena: katika mifuko ile ya maiti hamna watu wetu, mnaiba viungo, mnatuzikisha mawe. Ungeweza kulicheka. Lakini jiweke mahali pao. Ndugu yako anaingia kituoni akitembea kwa miguu yake. Siku tatu baadaye watu waliofunikwa mwili mzima, usioona hata macho yao vizuri, wanakuletea mfuko uliofungwa, na wewe huruhusiwi kufungua. Utajuaje?

Basi ililetwa mifuko yenye kuonyesha ndani, ili jamaa waone uso wa marehemu bila kumgusa. Huko Beni pia shirika la waganga la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha: mgonjwa yuko ndani, mama yake yuko nje, wanatazamana na kusemezana. Virusi ni vilevile na sheria ya kutogusa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba familia iliona.

DAWA ZILIZOPIMWA, NA SIKU ZILIZOPOTEA

Wakati huohuo, kuanzia Novemba 2018, dawa nne za Ebola zilipimwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB na wenzake wa Marekani, ilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ilipokea wagonjwa 681. Kila mmoja alipata dawa moja kati ya nne, kama kwa kupiga kura, ili munganga asiweze kumpa dawa anayoipenda mtu aliye na nguvu zaidi na kuidanganya hesabu. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Mwezi wa Agosti 2019 kura ilisimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kushinda. Kati ya waliopewa hizo mbili walikufa kama 34 katika 100, na kwa zile nyingine karibu 50. Moja ya dawa zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Ni hesabu safi, na hatuna neno juu yake. Lakini ndani yake kuna mstari ambao tunaomba uusome polepole. Wale waliofika siku moja tu baada ya kuanza kuumwa, walikufa 19 katika 100. Wale waliofika baada ya siku 5, walikufa 47 katika 100. Nini kinamkalisha mgonjwa nyumbani siku 5? Ule mfuko uliofungwa, magari yale, maneno ya jirani. Dawa nzuri kuliko zote inamngojea kituoni, na yeye anangojea kuamini. Hatusemi mifuko yenye kuonyesha iliponya mtu. Hakuna aliyeipima hivyo. Tunasema siku hizo nne haziwezi kupunguzwa na dawa iliyo ndani ya chupa.

NENO MOJA LILILOHARIBU KAZI

Kupima dawa kunaweza kuharibika hata mahali pasipo vita wala hofu ya maiti. Kwa hili twende Uingereza, tena kwa habari inayowahusu wazee wetu na wastaafu: kansere ya prostati, kiungo kidogo cha mwanaume kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1999 waganga wa huko walianza kazi kubwa ya kulinganisha njia tatu: kupasua, kuchoma kwa mionzi, ao kufuatilia tu kwa vipimo bila kupasua kwanza. Wagonjwa wengi walikataa kuingia katika kura. Walikubali watu 3 ao 4 tu katika 10. Kazi ilikuwa karibu kufa.

Jenny Donovan, mtaalamu wa elimu ya jamii huko Bristol, hakuleta matangazo. Alisikiliza kanda za mazungumzo kati ya waganga na wagonjwa. Akasikia kwamba waganga walitaja kupasua na mionzi kwanza, kwa moyo, na njia ya tatu mwishoni, kwa haraka. Tena waliiita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kungojea na kutazama". Masikioni mwa mgonjwa ilikuwa: watanitazama nikifa. Walibadili mpango wa maelezo, wakaiita "kufuatilia kwa bidii", wakasema wazi ni vipimo gani vitafanywa na lini. Mwaka 2001 waliokubali walikuwa 7 katika 10.

Wanaume 1 643 waliingia. Baada ya miaka 15, mwaka 2023, ilitangazwa kwamba waliokufa kwa kansere hiyo walikuwa kama 3 tu katika 100, katika njia zote tatu karibu sawa. Kwa wale ambao kansere yao inaonekana mapema na haijatoka nje ya kiungo, haraka ya kisu si lazima. Elimu hiyo ingepotea kwa sababu ya maneno mawili matatu yaliyochaguliwa vibaya.

Na sisi tuna neno letu. Munganga akisema "majaribio ya dawa", mtu wa kambini anasikia: wananijaribia kama panya. Afadhali aseme kinachofanyika: tunalinganisha dawa hizi mbili, hatujui ipi ni bora, kura itachagua, na unaweza kutoka siku yoyote.

SIKU ATAKAPOBISHA KWAKO

Mtu wa daftari anapokuja, anapaswa kwanza kujitambulisha, kusema nani amemtuma na maneno yako yatatumiwa kwa kazi gani. Unaweza kukataa, ao kukubali na kuacha katikati, bila kupoteza dawa, kazi wala haki nyingine yoyote. Unaweza kumwambia afunge mashine ya sauti. Jina lako halipaswi kuandikwa pamoja na maneno yako. Mazungumzo yasifanywe mbele ya kapita ao shefu wako. Shefu akikaa karibu, hata kwa upole, omba mahali pengine ao siku nyingine. Kwa wakuu tunasema vilevile: mkimwita mfanyakazi aseme mbele yenu, mtapata majibu mnayoyapenda, na daftari lenye majibu hayo halina kazi.

Usimpe jibu la kumfurahisha. Akiuliza kama unavaa maski ya vumbi na wewe unaivua baada ya saa moja, sema unaivua, na useme ni joto, ao kioo cha macho kinajaa ukungu, ao huwezi kumsikia mwenzako akikupigia kelele ya hatari. Sababu hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko maski yenyewe, na hakuna hesabu ya maski zilizogawanywa itakayoionyesha.

Mwulize pia majibu yatarudi lini, na nani atakuja kuyasoma mbele yenu. Na ukiona anafika kila siku saa nne ya asubuhi tu, ujue amesikia wake nyumbani na watu wa posti ya mchana peke yao. Mwambie posti ya usiku wanaamka saa ngapi, na umwonyeshe nyumba zao.